Rauta Haijibu

Mdogo wangu alinipigia simu nikiwa kazini, wiki iliyofuata baada ya kumzika mama. Alikuwa akiishi Ulaya, katika nchi ya baridi, akifanya usafi hospitalini huku akisomea mambo ya mitandao ya kompyuta. Siku hiyo hakunisalimia.

"Dada, rauta ya intaneti ya nyumbani haijibu."

Nikamwuliza haijibu nini.

"Haijibu chochote. Naiuliza, iko kimya. Na mashangazi wananiambia baba hajambo. Sasa kama baba hajambo, mbona nyumba imezimwa?"

Nilikuwa nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la intaneti nililokuwa nikilisimamia mjini Moshi, si mbali na stendi. Mbele yangu wazungu wawili waliotoka kupanda mlima walikuwa wakiandika barua pepe za kwao, midomo imebabuka kwa jua na baridi. Nilimsikiliza mdogo wangu kama ninavyosikiliza redio ya jirani. Tangu mazishi nilikuwa hivyo. Watu walisema nami nikawajibu, nikarudisha chenji, nikafagia, nikafunga duka, nikarudi kwenye chumba changu cha kupanga mtaa wa Majengo, nikalala. Uchungu sikuwa nao. Niliutafuta, maana niliona wenzangu wanao. Shangazi, dada yake baba, alilia mpaka sauti ikakauka. Mimi nilipanga viti, nikachemsha chai ya waombolezaji, nikakusanya sahani, na watu wakanisifu kwamba nimejikaza. Sikuwa nimejikaza. Hapakuwa na kitu cha kukaza.

"Nitapanda Jumamosi," nilimwambia.

"Leo huwezi?"

"Jumamosi."

Nyumbani kwetu ni Masama, juu, mahali ambapo migomba inaziba nyumba mpaka mgeni afike mlangoni ndipo aione. Mimi na mdogo wangu tulisomeshwa na kahawa ya kihamba kile, shamba letu la ukoo. Baadaye biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa wote, wanunuzi binafsi wakaanza kuja na malori yao mpaka kijijini. Bei ilipanda, ikashuka, ikashuka tena, na baba akang'oa mibuni ya upande wa juu akapanda majani ya ng'ombe. Hakusema neno siku aliyoing'oa. Mama ndiye aliyesema. Mama alikuwa msemaji wa nyumba ile. Baba alikuwa mtu wa kuitikia.

Mama alipopata kiharusi, mkono wa kulia ukalala na mdomo ukapinda kidogo, lakini maneno yalibaki. Mdogo wangu alishindwa kuja kumwona. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado zinashughulikiwa, na aliambiwa akitoka asingeruhusiwa kurudi. Basi akafanya alichoweza. Alituma kompyuta ya mapajani yenye kamera, akazungumza na kampuni moja ya intaneti ya mjini, wakaja kusimika nguzo ubavuni mwa nyumba, wakafunga antena juu yake, ikatazama mnara wao ulioko bondeni. Majirani walidhani ni dishi la televisheni, wakawa wanauliza kuna mpira lini. Sebuleni, juu ya kabati la vyombo, wakaweka rauta: kijisanduku chenye taa nne ndogo na waya unaotoka dirishani.

Mama alijifunza kuitumia kompyuta kwa mkono wa kushoto. Kila jioni alifungua ile programu ya kuzungumza mkionana, akajitengeneza kitambaa kichwani, akasubiri mwanawe apige. Kwa kuwa umeme wa Masama ulikatika bila hodi, mdogo wangu alitengeneza njia yake ya kujua kama nyumba ipo hewani. Kompyuta yake kule ilikuwa ikiiita rauta yetu kila baada ya muda mfupi. Ilikuwa kama mtu anayepita nje na kuuliza, "Mpo?" Rauta ikijibu, kwake iliwaka alama ya kijani. Isipojibu, nyekundu. Aliniambia hata akiwa kazini, akisukuma ndoo ya kupigia deki, alijua tu kwamba akirudi ataitazama ile alama kabla ya kuvua koti.

Siku ya mazishi alikuwa kwenye simu. Niliishika mkononi juu ya kaburi ikiwa imefunguliwa sauti, akasikia nyimbo, akasikia mchungaji, akasikia udongo. Baadaye nilipoiweka sikioni alikuwa bado yupo, anapumua. Nikamwambia, "Tumemaliza." Akasema, "Sawa."

Jumamosi ile nilifika nyumbani asubuhi. Baba alikuwa zizini, anamkatia ng'ombe vigogo vya migomba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona hukusema unakuja?"

"Nimetumwa na mdogo wangu. Anasema rauta haijibu."

Aliendelea kukata. Alikuwa amevaa koti lile lile la kanisani alilovaa siku ya mazishi, sasa lina majani mgongoni.

"Mimi nimeiona inawaka," alisema.

Niliingia ndani. Sebule ilikuwa imefagiliwa. Juu ya kabati, taa zote nne za rauta zilikuwa zinawaka kama kawaida. Kompyuta ilikuwa mezani, imefunguliwa, na mbele yake kiti cha baba, kile chenye mto. Nikakaa. Nikafungua ukurasa wa habari, ukaja. Nikafungua barua pepe zangu, zikaja. Nikampigia mdogo wangu kwa simu ya mkononi.

"Nipo Masama," nikamwambia. "Intaneti ipo. Nimesoma barua zako hapa hapa."

"Haiwezekani. Kwangu ni nyekundu."

"Kwangu inafanya kazi."

"Izime. Chomoa kwenye umeme, subiri kidogo, chomeka tena."

Nikachomoa. Taa zikazimika. Nilisimama nimeshika plagi, nikamtazama yule mama wa kwenye kalenda ya ukutani, anayetabasamu na kopo la maziwa. Kisha nikachomeka. Taa zikarudi moja moja, na kurasa zikafunguka tena.

"Bado nyekundu," alisema.

"Labda wamebadilisha namba."

Kila rauta ina anwani yake ya namba ambayo wa nje wanaiita kwayo, kama namba ya simu. Ikibadilishwa, anayepiga anapiga hewani. Katika kazi yangu nililiona hilo mara nyingi. Nilimsomea namba iliyokuwa kwenye kompyuta, akailinganisha na yake. Ilikuwa ile ile.

Nikakata simu, nikawapigia kampuni. Aliyepokea alikuwa fundi wao, mtu mpole mwenye sauti ya mafua. Nilimweleza. Nikamsikia akibonyezabonyeza.

"Kwetu huku naona mnapata mawasiliano vizuri, dada. Antena iko sawa."

"Ila mtu wa nje akiiita haimjibu."

"Lakini wewe unatumia?"

"Natumia."

"Basi imekataa tu kuitika. Ni mpangilio wa ndani. Mimi mwenyewe nilikuja hapo kwa mzee siku chache zilizopita, iliganda, nikairudisha kama ilivyotoka kiwandani, nikawawekea upya. Zikiwa hivyo huwa haziitiki wageni. Ni usalama wake. Ingia mle ndani uiruhusu."

Sikujua kwamba fundi alikuwa amekuja. Nilitoka nje nikamwuliza baba. Alikuwa ameketi juu ya gogo, anakunywa maji kwa kikombe cha bati.

"Ndiyo, alikuja," alisema. "Kilikuwa kimekwama. Taa moja ilikuwa inapepesa tu. Nikamwomba shangazi yako awapigie."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umechoka."

"Ulikuwa unataka intaneti ya nini, baba?"

Nilimwuliza bila ubaya. Baba hakusoma habari kwenye kompyuta, hakuandika barua. Alikitazama kikombe.

"Kijana atapiga," alisema.

"Amepiga?"

"Hajapiga."

"Unajuaje?"

"Nakaa pale. Kila jioni nikishakamua nakaa pale mpaka usingizi unanishika. Hajapiga." Alimwaga maji yaliyobaki chini. "Nadhani ana hasira. Tulimzika mama yake bila yeye. Mimi ndiye niliyesema tusingoje. Mchungaji aliuliza kama tumsubiri mtoto, nikasema hatakuja. Nilikosea labda. Lakini maiti nayo haingoji."

Nilirudi ndani nikaitazama tena kompyuta aliyokuwa akikaa mbele yake. Ilikuwa imewashwa, ina picha ya bluu ya kiwandani, na ile programu ya kuzungumza ilikuwa imefungwa. Mama ndiye aliyekuwa akiifungua. Baba alijua kitu kimoja tu: simu ikiingia, ubonyeze hapa. Hakujua kwamba kabla ya simu kuingia kuna mlango ambao mtu anapaswa kuufungua. Alikuwa akikaa mbele ya mlango uliofungwa, jioni baada ya jioni, amevaa koti la kanisani.

Nikampigia tena mdogo wangu.

"Naingia kwenye rauta," nikasema. "Ni mpangilio."

"Nani ameubadilisha?"

"Hakuna. Iliganda, fundi akairudisha upya."

Akasema, kwa sauti ya chini, "Mimi nilijua baba ameizima makusudi."

"Kwa nini aizime?"

"Sikuja, dada. Mtoto wa kiume mmoja, na sikuja kutupa udongo. Ningekuwa mimi ningeizima."

Nilisikia nilivyomjibu, na sauti yangu ilikuwa ile ile ninayowaambia wateja kwamba muda wao umekwisha. "Baba anakaa mbele ya kompyuta kila jioni anakusubiri. Hajui kufungua programu. Anadhani wewe ndiye uliyekasirika kwa sababu hatukukusubiri. Ndiye aliyemwita fundi, ili upige."

Nilimngoja kidogo, kisha nikaona hakuna haja ya kungoja, nikaendelea na kazi. Nenosiri la rauta lilikuwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini yake. Niliingia. Kurasa zote zilikuwa kwa Kiingereza kile cha mafundi, maneno mengi yasiyo na sura, na nikafungua moja baada ya nyingine huku nikimsikia mdogo wangu akivuta kamasi upande wa pili. Niliipata karibu na mwisho, kwenye sehemu ya ulinzi: sentensi moja fupi ya kusema usiwajibu wanaoita kutoka nje, na kisanduku kidogo pembeni kikiwa na alama ya vema. Nikaiondoa alama. Nikahifadhi. Rauta ikajizima, ikawaka tena.

"Tazama sasa."

"Subiri." Nilisikia kiti kikisogea kule aliko. "Bado. Bado. Ee. Imekuwa kijani."

"Haya."

"Imekuwa kijani, dada."

"Nimesikia. Nakufungulia programu, upige huku. Namwita baba."

Baba alinawa mikono kwanza. Alinawa mpaka kwenye viwiko, akajifuta, akalikung'uta koti, ndipo akaingia. Alikaa kwenye kiti chake. Simu ilipoingia alibonyeza pale anapopajua, na uso wa mdogo wangu ukaja, mpana na wa kijivu, umekonda, kofia ya sufu kichwani akiwa ndani ya nyumba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula."

"Huko ni baridi?"

"Ni baridi sana."

"Ng'ombe amezaa."

"Amezaa? Dume au jike?"

"Jike."

"Afadhali."

Picha ilikuwa ikikwama na kuachia. Baba aliinamisha uso karibu na kamera kama mtu anayechungulia kisimani.

"Ulikuwa umenikasirikia?" aliuliza.

"Hapana, baba. Nilidhani wewe."

"Mimi? Nikukasirikie kwa lipi?"

"Sikuja."

"Ungekujaje?" baba alisema. "Serikali ya watu imekukataza. Ungeruka?"

Mdogo wangu akacheka, au akalia, picha ilikuwa imekwama hatukuona. Sauti ilirudi kabla ya sura. Alikuwa akiomba kuliona kaburi.

Baba akanigeukia. Niliichomoa kompyuta kwenye umeme nikaibeba, imefunguliwa, kamera ikitazama mbele. Tulitoka kwa mlango wa jikoni. Mawimbi ya rauta yalifika mpaka kwenye ukuta wa jiko, na kaburi lilikuwa nyuma ya safu ya kwanza ya migomba, karibu na masale, ile mimea ya mpaka. Nilisogea pole pole, nikimsikia akisema, "Nakuona, nakuona, imekwama, nakuona." Baba alitangulia akashika jani la mgomba lililokuwa limeziba, akaliinua kwa mikono miwili kama mtu anayefungua pazia. Udongo ulikuwa mwekundu bado. Mashada yalikuwa yamekauka, na riboni moja ya zambarau ilikuwa imepeperuka ikanasa kwenye msalaba.

"Ni hapo?" mdogo wangu aliuliza.

"Ni hapo," baba alisema.

"Mbona ni dogo?"

Mama alikuwa mtu mfupi. Nilisimama nimenyoosha mikono, kompyuta ikaanza kuwa nzito, na nilichokifikiri wakati ule, nakiri, ni betri. Nilifikiri betri haitafika mbali. Mdogo wangu kule alikuwa akisema maneno ya Kimachame, yale ambayo mama alikuwa akitusemea tukiwa wadogo tukianguka, na baba alikuwa bado ameliinua jani. Kisha picha ikakwama kabisa, uso wake umegeukia pembeni. Tukangoja. Haikuachia. Tukarudi ndani.

Jioni hiyo nilimfundisha baba kufungua programu. Nilitafuta gundi nikabandika kipande cha kitambaa chekundu kwenye kitufe cha kuwashia, kisha nikamwonyesha alama ya kubonyeza, nikamfanya arudie mpaka akaipata bila mimi. Alipoipata mara ya kwanza alinitazama usoni, akanishika bega. Shangazi alikuja na sufuria ya machalari, akatuona tumeinama pale, akadhani tunasali, akasimama mlangoni kungoja tumalize.

"Amepiga?" aliuliza baadaye.

"Amepiga," baba alisema.

"Ee, Mungu mkubwa." Akaanza kulia upya, na kunipakulia huku analia. Nikala. Chakula kilikuwa kizuri, ndizi zimelainika, nyama ya kutosha. Nilijua kwamba ni kizuri. Nililijua hilo kama mtu anavyojua mji mkuu wa nchi asiyowahi kufika.

Jumapili niliteremka mjini, Jumatatu nikafungua duka.

Tangu siku ile baba na mdogo wangu walizungumza karibu kila jioni, na wakati mwingine mdogo wangu alinisimulia habari za Masama kabla mimi niliyeko hapa chini sijazisikia. Ndama amepewa dawa ya minyoo. Shangazi ameteguka mguu. Umeme ulipokatika nilipata ujumbe wake: "Nyekundu." Uliporudi: "Kijani." Nikawa namwandikia "Asante." Miaka ya mbele kidogo simu za mkononi zilianza kuleta intaneti zenyewe, kampuni ile ikafungasha, wakaja kuishusha antena. Baba alikataa wasiondoe nguzo yake. Alisema itafaa kwa kuanikia nguo.

Watu huniuliza nililia lini. Nililia mwaka uliofuata, mchana, katika soko la Mbuyuni, nikiwa nachagua nyanya. Hapakuwa na sababu. Mwuza nyanya hakusema kitu, nyanya zilikuwa za kawaida. Nililia nimesimama, mfuko mkononi, na yule mama muuzaji akanisogezea ndoo aliyokuwa ameipindua, nikakaa juu yake. Alinikinga kwa kanga watu wasinione, akaendelea kuuza. Nilipomaliza nilinunua nyanya nikaondoka. Kesho yake nilikuwa kama jana yake, ganzi ile ile, ingawa sasa ilikuwa na tundu.

Karatasi za mdogo wangu zilipokamilika, alikuja. Ilikuwa wakati wa kiangazi, mlima ulikuwa wazi asubuhi yote. Mimi na baba tulimpokea uwanja wa ndege, tukapanda naye Masama, na njia nzima alitazama nje. Alipofika hakuingia ndani. Alipita moja kwa moja nyuma, akakaa huko kwa muda. Hatukumfuata. Baba alichinja kuku. Shangazi akawasha moto.

Aliporudi alisalimia watu waliokuja, akanywa soda, akajibu maswali. Kisha akaketi kwenye kochi la sebuleni, akaegemea, na kabla chakula hakijaiva akawa amelala, mdomo wazi, miguu imenyooka katikati ya njia, watu wakawa wanamruka. Alikuwa amevaa viatu vizito vya baridi, vile vya kamba ndefu, vimejaa udongo mwekundu wa kule nyuma. Shangazi alisema aachwe. Nilipiga magoti nikaanza kufungua zile kamba. Zilikuwa zimekazwa sana, zikanichukua muda. Nilivua cha kushoto, nikavua cha kulia, nikavipeleka nje nikavikung'uta.